Ticha, Hasheem alihamishwa, hakufukuzwa

Jana jioni pale kwenye kahawa Mwanga, hapa Kigoma, niliondoka bila kujibu. Siyo kwamba sikuwa na la kusema, simu ililia, kuna boti injini imegoma Kibirizi na wenyewe wanataka kuingia ziwani giza la mwezi lisiwapite, kwahiyo nikaacha kikombe nusu nikapanda bodaboda na maneno yangu yote yakabaki kifuani. Usiku mzima yananizunguka tu. Ticha alikuwa amesema, na watu wakacheka, kwamba Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyecheza NBA, basketi ya Marekani, alipewa dunia akaiangusha, eti alifukuzwa Memphis, akafukuzwa Houston, akafukuzwa Portland, mpaka Marekani yote ikamchoka. Kucheka sawa, kahawani watu wanacheka. Ila hilo neno kufukuzwa limeniuma kweli, nimeona bora niandike hapa taratibu, nimekaa, hakuna wa kunikata kauli.

Kwa wasiotujua, sisi ni watu wanne watano tunaofuatilia NBA kwenye mji ambao kila mtu anaongea Simba na Yanga, na siku hizi Mashujaa yetu. Kuna Ticha mwenyewe, anafundisha hesabu sekondari, Lakers damu tangu enzi za Shaq na Kobe. Kuna Papaa, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge sokoni, yeye hana timu, ana Dikembe Mutombo tu, Mkongomani mwenzake aliyecheza NBA. Kuna dogo wa bodaboda ambaye mechi nzima hajawahi kukaa akaangalia lakini klipu zote anazo kwenye simu. Na mzee mwenye kahawa, basketi haangalii kabisa ila ndo hakimu wetu, mkibishana sana anauliza swali moja au mawili na anayeshindwa kujibu analipia kashata za wote. Mi ni fundi wa injini za boti. Na niseme tu muda wa NBA ni muda wangu hasa, mechi zinaanza saa tisa, saa kumi usiku kwa saa zetu, zinaisha kunakucha mitumbwi ya dagaa inarudi, kwahiyo nakaa pale mwaloni na simu na bando langu, filimbi ya mwisho ikilia huko na mi ndo naanza kuitwa huku, propela imekatika, plagi zimelowa, njoo fundi.

Sasa ugomvi wetu wote uko kwenye neno moja, tredi, yaani timu kubadilishana wachezaji. Sisi tumekua na mpira wa miguu, tukisikia mchezaji katoka timu hii kaenda ile, kichwani tunaona usajili, yaani mchezaji kakaa mezani, katajiwa dau, kakubali, kapiga picha na jezi mpya. Tredi siyo hivyo jamani. Kwenye NBA ukitrediwa hukai kwenye meza yoyote na husaini chochote, mkataba uliosaini na timu ya kwanza unabebwa kama ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile, unapelekwa mji mwingine kwa timu nyingine, na mara nyingi wewe ndo wa mwisho kujua. Wenye kifungu cha kukataa kwenye mkataba ni wachache mno, maana ili timu iruhusiwe hata kukuandikia hicho kifungu lazima uwe umecheza ligi miaka 8 na kati ya hiyo 4 uwe umeichezea timu hiyohiyo. Wengine wote ni simu tu inalia. Msimu ukiwa unaendelea, ukishapewa taarifa una saa 48 uwe umeripoti.

Kuripoti. Hilo neno mi nalijua tangu mtoto.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Nimezaliwa Manyoni, darasa la kwanza nimeanza Tabora, la nne niko Kaliua, la sita tukaletwa huku reli inakoishia, na hatukutoka tena mpaka anastaafu. Kila mara ilikuwa bahasha ya kaki. Mama ana mahindi yake hayajakomaa, ana watu wanadaiwa hela ya maandazi, bahasha ikifika ndo basi, wiki haijaisha vitanda vimefungwa kamba, kuku wako kwenye tenga, sisi juu ya magodoro tunaangalia stesheni inavyorudi nyuma. Uhamisho mmoja, ule wa Kaliua, mzee alibadilishana kituo na mwenzake ambaye mke wake alikuwa mgonjwa anataka kuwa karibu na hospitali ya Tabora. Yaani yule kaenda Tabora, mzee kaenda Kaliua, kila mmoja na mshahara wake na daraja lake lilelile. Mimi nikija kuelewa tredi ni nini, miaka mingi baadaye, wala sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Na pale kwenye nyumba za reli hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusema mzee kafukuzwa Tabora. Walisema kahamishwa.

Tuchukue ya Luka, maana hiyo kila mtu anaikumbuka. Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi na dakika chache hivi, nimeshika spana, dogo wa bodaboda ananipigia anapiga kelele Luka kaenda Lakers, Luka kaenda Lakers. Nikamwambia dogo hiyo akaunti iliyotoa habari imedukuliwa, kata simu nina kazi. Kumbe hata Marekani kwenyewe watu kibao walidhani imedukuliwa. Luka Doncic, miaka 25, miezi minane tu nyuma ameipeleka Dallas fainali, wamemtoa usiku wao wa manane, yeye na Maxi Kleber na Markieff Morris kwenda Lakers, na Dallas wakachukua Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja la mwaka 2029 la drafti, ile siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Utah nao wakaingizwa kidogo kwa pembeni wakapewa Jalen Hood-Schifino. Luka hakuwa ameomba kuondoka. Ticha siku hiyo alinunulia watu kahawa mpaka birika likaisha, na mi simlaumu.

Ila nakumbuka zaidi tarehe 9 Aprili, kwetu ilishakuwa alfajiri ya tarehe 10, aliporudi Dallas na jezi ya Lakers. Kabla ya mechi wakamwonyesha video ya miaka yake pale na yeye amekaa benchi analia, anajifuta na taulo, uwanja mzima umesimama unamwimba. Kisha akaingia akafunga pointi 45. Mi niko mwaloni na simu yangu na baridi la alfajiri na nikamkumbuka mama kwenye dirisha la treni. Davis yeye aliumia mechi yake ya kwanza tu Dallas, mashabiki wakaimba msimu mzima kwamba meneja Nico Harrison afukuzwe, na Novemba mwaka huohuo kweli akafukuzwa. Huyo ndo kafukuzwa, Ticha. Luka alihamishwa. Mbona kwa Luka tofauti unaiona vizuri kabisa?

Halafu kuna suala la mizani, hili ndo mzee wa kahawa alilielewa haraka kuliko sisi wote. Ligi ina kikomo cha mishahara, timu ikishakivuka hairuhusiwi kuchukua mtu wa mshahara mkubwa ikatoa mtu wa mshahara kiduchu, lazima pande mbili zikaribiane. Kwahiyo kwenye tredi nyingi kuna watu wanaingizwa siyo kwa sababu kuna anayewataka, wanaingizwa ili mizani ikae sawa. Mzee akasema, aah, hao ni mawe ya mizani. Ndiyo, mawe ya mizani, na tangu siku hiyo ndo jina tunalolitumia.

Februari 2008 Memphis walimtoa Pau Gasol kwenda Lakers. Wakapewa Kwame Brown, ambaye mwaka 2001 alikuwa chaguo la kwanza kabisa la drafti na sasa ni jiwe la mizani lenye mkataba unaokaribia kuisha, wakapewa Javaris Crittenton na Aaron McKie, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, na haki za kijana mmoja mnene aliyekuwa bado anacheza Hispania, chaguo la 48 la mwaka 2007. Dunia nzima iliicheka Memphis. Lakers wakaenda fainali tatu mfululizo wakabeba mbili, 2009 na 2010, na Ticha anaitaja tredi hiyo mpaka leo kama mtu anayehesabu mali ya urithi. Lakini yule kijana mnene alikuwa mdogo wake Pau, Marc Gasol. Kaka ametolewa, mdogo mtu ameletwa. Marc akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, na jezi yake namba 33 Memphis wameistaafisha. Mshikeni huyo Marc, maana ndiye Hasheem aliyemkuta kwenye nafasi yake ya senta, yule mrefu wa chini ya goli.

Na machaguo ya drafti je? Hapa Papaa alikuwa anasumbuka sana, yeye siku zote swali lake ni moja, unatoaje mutu muzima mwenye mikono na miguu halafu unapewa karatasi ya mwaka 2029? Nikamwambia Papaa twende wote Kibirizi nikuonyeshe. Pale kuna mtu anatoa hela leo kwa mwenye mtumbwi, mwezi ukiwa mpevu na hakuna anayevua, ili giza likiingia dagaa wa siku fulani wawe wake. Hajui watakuwa kilo ngapi. Wanaweza kujaa wanja zima la kuanikia, au taa zikawaka mpaka asubuhi wakapatikana ndoo mbili. Ananunua giza. Basi chaguo la drafti ni giza la mwaka fulani, na kadri timu iliyokuuzia inavyokuja kuwa mbovu ndo giza lako linavyonona.

Mfano mzuri kuliko yote ni Oklahoma City. Julai 2019 Clippers walikuwa wanamtaka Kawhi Leonard, na ili waungane wakamchukua na Paul George kutoka Oklahoma City, wakatoa Shai Gilgeous-Alexander, kijana aliyemaliza mwaka wake wa kwanza tu, wakatoa Danilo Gallinari, wakatoa machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi ya kuchagua kwenye drafti. Wengi tuliona Clippers wameshinda. Mi mwenyewe niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba Clippers watabeba kombe, na mpaka leo hawajalibeba. Oklahoma City wakakaa na giza zao wakisubiri. Moja ya yale machaguo ndo lilimleta Jalen Williams, namba 12 mwaka 2022, na kwenye fainali ya 2025 mechi ya tano akawafunga Indiana pointi 40. Mechi ya saba ilichezwa Jumapili usiku kwao, kwetu ikaangukia Jumatatu tarehe 23 Juni saa tisa, Haliburton wa Indiana akaumia mguu robo ya kwanza tu, yaani roho iliniuma kama namjua, na mwisho 103 kwa 91, Shai bingwa, Shai MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi na wa fainali. Boti zilikuwa zinaingia wakati wanagawa kombe. Nilimsahau mteja wangu amesimama nyuma yangu muda wote na yeye anaangalia.

Haya sasa, Hasheem.

Usiku wa tarehe 25 Juni 2009 New York, kwetu alfajiri ya 26. Clippers wanachagua wa kwanza, Blake Griffin. Wa pili Memphis, na David Stern, kamishna wa ligi wakati huo, anasoma jina la kijana wa Dar es Salaam. Namba mbili, kabla ya James Harden aliyekuwa namba 3, kabla ya Stephen Curry aliyekuwa namba 7. Mimi niliisikia redioni asubuhi, nikazima mashine niliyokuwa naijaribu ili nisikie vizuri, na mzee mmoja wa mgebuka akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana mzee, kuna Mtanzania.

Mtu mwenye sentimita 221 ambaye alianza basketi na miaka 15 hivi, akapelekwa Houston kusoma, akaenda chuo cha Connecticut akakaa miaka mitatu, mwaka wa mwisho akawafikisha nusu fainali ya vyuo na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa kanda yao ya Big East. Kutoka kuushika mpira mara ya kwanza mpaka namba mbili ya drafti ni kama miaka saba. Miaka saba mi nilikuwa bado namshikia tochi fundi wangu.

Anafika Memphis anamkuta nani? Marc Gasol. Na Julai hiyohiyo wanamleta Zach Randolph, ambaye chini ya goli alikuwa hasukumwi na mtu. Kijana anayehitaji dakika kuliko kitu chochote akapata dakika 13 kwa mechi mwaka wake wa kwanza, pointi 3.1, ribaundi (mipira ya kudaka baada ya shuti kukosa) 3.6, bloku (mashuti aliyozuia) 1.3. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards, na kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa kule. Ukweli mwingine nausema pia, mi sitetei kipofu. Mikono yake haikuwa laini, pasi za haraka zilimponyoka, faulo zilimwandama, na kwenye kufunga alitegemea awe karibu kabisa na ringi. Huo ni ukweli na Ticha akiusema namkubalia. Ila kumwacha mtu benchi halafu ukamshangaa hajui kucheza, hapo sikubali, mimi mashine ikikaa miezi sita bila kuwashwa najua itakachonifanyia.

Tarehe 24 Februari 2011 ndo tredi yake ya kwanza. Memphis wakamtoa Hasheem, wakamtoa DeMarre Carroll, wakatoa na chaguo la raundi ya kwanza, kwenda Houston, wakachukua Shane Battier na Ish Smith. Nilimpigia mzee wangu, alikuwa bado hai. Nikamwambia baba, yule kijana wetu wa Marekani kahamishwa. Hakuuliza kwa nini. Akauliza, kapewa siku ngapi? Nikamwambia mbili. Akanyamaza kidogo, akasema hata sisi tulikuwa tunapewa zaidi ya hizo.

Sasa Ticha nisikilize hapa, maana hii hujawahi kuitaja hata siku moja. Memphis mpaka wakati ule walikuwa wameingia pleiofu, zile mechi za mtoano za mwisho wa msimu, mara tatu, 2004, 2005 na 2006, wamecheza mechi 12 na wamefungwa zote 12. Timu haijawahi kuonja ushindi hata mmoja. Aprili 2011 wanaingia wakiwa wa nane, wanapewa San Antonio wa kwanza, Duncan na Parker kule, Ginobili mechi ya kwanza hakucheza, na zimebaki sekunde 23.9 Memphis wako nyuma kwa pointi mbili, nani anapiga pointi tatu? Shane Battier. 101 kwa 98. Ushindi wa kwanza wa pleiofu katika historia ya timu, na hawakuishia hapo, wakawatoa San Antonio 4 kwa 2, wa nane kamtoa wa kwanza. Huyo Battier alinunuliwa kwa nani? Bei yake ilikuwa Hasheem. Huwezi kufurahia nyumba halafu ukaitukana hela iliyoijenga.

Na yule DeMarre Carroll waliyemfunga kwenye gunia moja na Hasheem? Houston wakamwachia, akazunguka zunguka, miaka minne baadaye anaanza mechi kwenye Atlanta iliyoshinda mechi 60 za msimu wa 2014-15. Jiwe la mizani hilo.

Houston Hasheem hakucheza kitu. Msimu wa pili wenyewe ulichelewa kwa mgogoro wa mikataba kati ya wenye timu na wachezaji, ukaanza siku ya Krismasi ukiwa umefupishwa, na Machi 2012 Houston wanamtaka Marcus Camby wa Portland, wanatoa Hasheem na Jonny Flynn na chaguo la raundi ya pili. Jonny Flynn, mnamkumbuka? Namba 6 ya mwaka uleule 2009. Minnesota walikuwa na namba 5 na namba 6, wakachukua Ricky Rubio na Flynn, wote wacheza nafasi moja, na Curry akapita katikati yao akaenda kuwa Curry. Kwahiyo namba 2 na namba 6 wa drafti moja wamefungashwa pamoja kwa ajili ya senta wa miaka 37. Hiyo siyo habari ya Hasheem peke yake kuangusha dunia, hiyo ni habari ya kazi yenyewe ilivyo.

Halafu baada ya drafti, mahali pekee NBA alikocheza kwa kusaini mwenyewe, bila kubebwa na tredi ya mtu, ni Oklahoma City, Julai 2012. Na ndo alikokaa misimu miwili. Msimu wa kwanza alicheza mechi 66, kwenye timu iliyoshinda 60. Dakika zilikuwa chache, kazi ya senta wa akiba, aingie, azuie, apumzishe wenzake. Ila waliendelea kumwita. Kuna kitu kimoja huwa nakifikiria sana, Harden alikuwa bado pale, wakaanza mazoezi ya msimu timu moja, namba 2 na namba 3 wa 2009, na mwisho wa Oktoba Harden naye akatrediwa kwenda Houston. Harden alikuja kuwa MVP mwaka 2018. Hakuna anayesema Oklahoma City ilimfukuza Harden. Agosti 2014 wakamhamishia Hasheem Philadelphia na siku chache baadaye Philadelphia wakamwachia, na hiyo moja Ticha nakupa, hiyo ndo kuachwa.

Papaa jana alikuwa kimya karibu muda wote halafu mwisho akasema kitu ambacho hamkukisikia kwa kelele. Alisema, Papa Dikembe alichezeaka timu sita, mbona ule hamumusemake? Nimerudi nyumbani nikahesabu na ni kweli. Denver walimchagua namba 4 mwaka 1991, na 1994 wakiwa wa nane wakawatoa Seattle waliokuwa wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla, ile picha ya Mutombo amelala chini ameushika mpira juu ya uso anacheka kama mtoto, hata dogo wa bodaboda anayo. Seattle wenyewe timu yao ilikuja kuhamishwa nzima nzima mwaka 2008, ndo hiyo Oklahoma City ya leo. Mutombo akasaini Atlanta mwaka 1996. Februari 2001 katikati ya msimu akatrediwa Philadelphia, na miezi michache baadaye yuko fainali na Iverson dhidi ya Shaq, na tuzo yake ya nne ya mlinzi bora amebeba mwaka huohuo. Kisha New Jersey, kisha New York, kisha akahamishiwa Chicago na kabla hajacheza hata mechi moja akahamishiwa Houston. Bloku 3,289, anayemzidi ni Olajuwon peke yake. Amejenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 Papaa alifunga duka siku nzima, vitenge vyote ndani, na watu waliokuja kununua akawaambia nina msiba.

Mechi ya mwisho ya Mutombo ilikuwa Aprili 2009, goti likaisha uwanjani. Miezi miwili baadaye Stern anasoma jina la Hasheem. Mutombo, yule mzee wa kutikisa kidole akishazuia mpira, anatoka mlangoni na kijana wetu anaingia, na mi kila nikiziangalia tarehe hizo mbili navuta pumzi.

Kwahiyo Ticha, kesho niko palepale baada ya magharibi, simu nitaizima na boti za watu zitanisubiri. Naomba uje na jibu la swali moja tu na mzee wa kahawa ndo atahukumu. Wewe ndo Memphis, Juni 2009, una namba mbili mkononi, Griffin ameshaondoka. Unachukua nani? Usiniambie Curry kirahisi, Mike Conley ulishamchagua namba 4 mwaka 2007 na nafasi ni ileile. Usiniambie Harden kirahisi, mwaka mmoja tu nyuma ulitoa Kevin Love kumpata O.J. Mayo acheze nafasi hiyohiyo. Nataka jina, na nataka na sababu uliyokuwa nayo siku ile, siyo sababu ya leo.